Wazamiaji Wana Picha, Wavuvi Wana Majina

Mwaka 1977 nilikuwa mtoto wa miaka minane, nikisoma chuoni katika Mji wa Kale wa Mombasa. Kila alasiri mwalimu alipoturuhusu hatukwenda nyumbani. Tulikimbia hadi ufukweni, chini ya Ngome ya Yesu, kuwatazama wazamiaji. Walivaa nguo nyeusi za mpira, wakabeba mitungi ya hewa mgongoni, wakashuka majini, nasi tukaanza kuhesabu. Tulihesabu hadi mia, tukahesabu hadi mia tano, na watu hawajatokeza. Mbizi zetu sisi hazikufika hata sitini. Wenzangu wakaapa kuwa wale si binadamu bali ni majini.

Wazee wa barazani walisema yatafutwa dhahabu. Haikuwa dhahabu, ndugu msomaji. Ilikuwa meli ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná, manowari ya mizinga 42 iliyoundwa Bassein, Bara Hindi, mwaka 1681. Ilikuja kutoka Goa kuwaokoa Wareno waliozingirwa na Waarabu wa Oman ndani ya ngome tangu Machi 1696. Mwezi wa Oktoba mwaka 1697 ikapoteza nanga, ikapanda mwamba, na mwishowe ikazama papo hapo chini ya kuta za ngome. Ngome yenyewe ilitekwa Desemba 1698. Meli ikalala mchangani miaka 280, hata wakaja wataalamu wa mambo ya kale ya baharini kutoka Marekani, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kuifukua.

Kazi ile iliendelea hadi mwaka 1980. Vyombo vya kauri vya Uchina, mitungi na vifaa vya mabaharia vilipandishwa, na ukiingia ngomeni leo utavikuta. Lakini meli yenyewe haikupandishwa. Mbao zake zilipimwa, zikachorwa, zikapigwa picha, kisha zikafukiwa tena chini ya bahari. Ubao uliokunywa maji ya chumvi karne tatu ukitolewa hewani bila kutibiwa hunyauka, ukapasuka na kupindika, na kuutibu ni kazi ya miaka na mali nyingi. Basi tulichobaki nacho sisi wa nchi kavu ni picha ya meli, na jina lake. Na jina twalijua kwa sababu moja tu: liliandikwa.

Siku zile mjomba wangu, mvuvi wa dema na mshipi, alikuwa akikaa pale pwani akitengeneza dema zake. Hakujishughulisha na meli. Alituuliza swali moja tu: “Hao wakizama, huona samaki gani?” Hatukuwa na jibu. Akacheka, akasema, “Basi hamjaambiwa kitu.”

Swali lile nimekaa nalo zaidi ya miaka arubaini. Mwanangu wa kiume sasa ni mzamiaji. Huwaongoza watalii, na hupiga picha chini ya maji kwa kamera iliyofungiwa ndani ya sanduku lisilopenya maji. Mwaka jana, wakati wa kaskazi, maji yalipokuwa maangavu, nilimwambia, “Nami nipeleke.” Akanitazama mvi, akacheka kidogo, kisha akasema, “Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Baba.” Niliinama.

Siku tatu tulikuwa katika bwawa la kuogelea tukijifunza. Sharia ya kwanza ni kwamba usizuie pumzi hata kidogo. Ukishuka mita 10 uzito wa maji na hewa juu ya mwili huwa mara mbili ya ule wa nchi kavu. Hewa uliyoivuta kule chini, ukipanda nayo hali umefumba kinywa, hutanuka mara mbili na kupasua mapafu. Chombo kinachompa mzamiaji hewa kwa kadiri ya kina alichofika kilibuniwa na Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, mwaka 1943. Kabla yake, aliyetaka kukaa chini muda mrefu alivaa kofia zito la shaba na kuvutiwa hewa kwa mpira kutoka chomboni.

Siku ya nne tukashuka kwenye mwamba wa nje. Nitakuambiaje? Kitu kilichonishangaza zaidi kuliko samaki ni rangi. Maji hunywa rangi, na huanza na nyekundu. Kidole changu kilikwaruzwa na tumbawe, na damu niliyoiona ikitoka haikuwa nyekundu, ilikuwa kama maji ya majani. Mwanangu akaimulika kwa taa, ikarudi nyekundu. Ndiyo sababu mpiga picha wa chini ya maji hushuka na mwanga wake mwenyewe, tena humsogelea samaki karibu sana, kwani kila hatua ya maji iliyo kati yao huiba rangi. Mfaransa Louis Boutan alikwisha kupiga picha chini ya bahari tangu mwaka 1893. Picha za kwanza za rangi zilipigwa Florida mwaka 1926 na William Longley na Charles Martin, nao walilipua unga wa magnesi juu ya chelezo ili wapate mwanga wa kutosha. Leo mwanangu hubonyeza kidude kwa kidole gumba.

Nilimwona mkunga akichungulia pangoni, akifumbua na kufumba kinywa. Nikarudi nyuma kwa hofu. Baadaye nikaambiwa kuwa hakuwa akitisha, bali ndivyo apumuavyo. Nilimwona kasa akila, hana habari nasi. Nilipanda juu nikiwa na furaha ya mtoto, na swali la mjomba likanirudia.

Mjomba yu hai, amepita miaka themanini, lakini macho yamekwisha. Jioni tulikwenda kwake. Mwanangu akasema, “Shikamoo, Babu,” akaitikiwa, akatoa picha zake. Picha za nini kwa kipofu? Basi nikaanza kumsomea, kama mtu amsomeavyo mwenzake barua.

“Huyu mpana, ana mwiba kama kisu kidogo shinani mwa mkia.”

“Kangaja. Ukimtoa demani mchunge huo mkia.”

“Hawa bapa kama sahani, manjano yenye milia, mdomo umechongoka.”

“Ni wawili?”

“Ni wawili.”

“Vitatange. Hao hutembea na wake zao.”

“Huyu amefura kama mpira.”

“Bunju. Usimle huyo, atakuua.”

Mwanangu alinyamaza. Wale wote alikuwa akiwajua kwa Kiingereza na kwa Kilatini, kama vilivyo vitabu vyake, na ndivyo alivyokuwa akiwatajia wageni, yeye mjukuu wa mvuvi wa Mombasa! Kisha mjomba akauliza mambo ambayo kamera haikuyaandika: maji yalikuwa yakijaa ama yakipwa? Lilikuwa bamvua ama maji mafu? Samaki alikabili mkondo ama aliupa mgongo? Tangu siku ile mwanangu ana daftari. Kila picha ina jina la Kiswahili, siku, na hali ya maji. Chuoni tulifundishwa kwamba elimu ya kwanza aliyopewa baba yetu Adamu ni majina ya vitu. Nilikuwa nikiyasoma hayo kwa ulimi. Safari hii niliyaelewa.

Tulirudi kwa mjomba jioni nyingi. Jioni moja tulileta picha kutoka kwenye Dania. Hiyo ni meli iliyokuwa ikibeba mifugo, ikazamishwa kwa makusudi karibu na Bamburi mwaka 2002 ili iwe nyumba ya samaki. Imelala kina cha mita 30 hivi. Mimi mwanafunzi ruhusa yangu ni mita 18, kwa hiyo nilibaki juu mashuani. Mwanangu alimpiga picha samaki mdogo aliyejibandika kwenye chuma chenye kutu, mwenye mapezi kama miguu ya chura, na juu ya paji la uso ana ujiti kama mshipi wenye chambo, ambao huupunga ili kuwavuta samaki wadogo awameze. Nikamsimulia mjomba mara mbili.

“Namjua huyo,” akasema. “Babu yangu alinionyesha. Jina lake ni...”

Tukangoja. Muadhini akaadhini magharibi, akamaliza. Mjomba alikuwa bado ameinua kidole.

“Limekwenda,” akasema.

Sijapata kumwona mjomba akiiogopa bahari, hata siku za kusi kali. Jioni ile alikuwa na hofu, na hofu ile imenitoa beti hii:

Samaki nimewaona, chini nilipozamia,
Picha nyingi zimefana, rangi zimetuvutia,
Lakini hazina jina, nani atanitajia?
Wazee wakinyamaza, bahari yatupotea.

Silaumu wazamiaji. Kamera humchukua samaki na kumwacha hai mahali pake, na huo ni uvuvi mwema. Lakini Wareno waliandika jina la meli yao, na baada ya karne tatu twalitaja. Sisi majina ya jirani zetu wa mwambani tumeyaacha vinywani mwa wazee, na vinywa hufumbwa.

Ukurasa wa yule samaki wa Dania katika daftari una picha, siku na hali ya maji. Mahali pa jina ni patupu. Msomaji uliye Lamu, Pate, Wasini ama Vanga, muulize mzee wa kwenu leo, kisha umwandikie mhariri wa ukurasa huu. Na ukisha kumuuliza huyo mmoja, usiondoke upesi. Muulize na wengine.