SOMO LA NANE: KAZI, NISHATI NA BREKI ZA MOTOKAA

Shikeni kalamu na karatasi, maana leo tutapiga hesabu.

Kwanza tukumbushane maneno mawili. Kazi, katika elimu ya fizikia, ni kani ikizidishwa kwa umbali ambao kitu kimesogea kwa upande wa kani ile. Mchukuzi akisimama kutwa na gunia begani atachoka sana, lakini gunia halikusogea. Basi kwa hesabu yetu hakulifanyia kazi yoyote. Mfaransa Coriolis ndiye aliyelitumia neno kazi kwa maana hii katika kitabu chake cha mwaka 1829.

Neno la pili ni nishati ya mwendo. Kuipata, chukua mwendo, uzidishe kwa wenyewe, zidisha tena kwa masi ya kitu, kisha gawa kwa 2. Masi tunaipima kwa kilo, mwendo kwa mita kwa sekunde, kani kwa nyutoni. Kazi na nishati zote mbili kwa jouli.

Kanuni yenyewe ni fupi: jumla ya kazi inayofanywa na kani zote juu ya kitu ni sawa na badiliko la nishati yake ya mwendo. Kani ikisukuma mbele, nishati huongezeka, ikizuia, hupungua.

Sasa hesabu. Motokaa ya kilo 1,000 inakwenda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde. Dereva anakanyaga breki, na barabara inayazuia matairi kwa kani ya nyutoni 5,000. Motokaa itasimama baada ya mita ngapi?

Andikeni: 10 mara 10 ni 100, mara 1,000 ni 100,000, nusu yake ni 50,000. Jouli hizo 50,000 hazina budi kuondoka zote ndipo motokaa isimame. Nyingi zitageuka joto katika breki. Gawa 50,000 kwa 5,000: jibu ni mita 10. Angalieni kwamba hatukuuhitaji muda hata kidogo. Ndiyo faida ya kanuni hii.

Je, mwendo ukiwa kilomita 72 kwa saa, yaani maradufu? Wengi watajibu mita 20. Tupige hesabu: 20 mara 20 ni 400, mara 1,000 ni 400,000, nusu yake ni 200,000. Gawa kwa 5,000: mita 40! Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali wa kusimama mara nne.

Tuendelee. Mtoto anaingia barabarani mita 30 mbele, na dereva anachukua sekunde 1 kabla ya kukanyaga breki. Motokaa ya kwanza itakwenda mita 10 katika sekunde ile, kisha mita 10 za breki. Itasimama mita 10 kabla ya kumfikia mtoto. Motokaa ya pili itakula mita 20 kabla breki hazijaguswa, na zitabaki 10 tu. Kazi ya breki hapo ni 5,000 mara 10, yaani jouli 50,000. Toa katika 200,000: zimebaki 150,000. Zidisha kwa 2, gawa kwa 1,000, upate 300. Kipeuo chake cha pili ni kama 17.3. Motokaa itamfikia mtoto ikiwa bado inakwenda kilomita 62 hivi kwa saa.

Dereva yule hakuwa mlevi, wala breki zake hazikuwa mbovu. Ni mwendo tu.

Zoezi la nyumbani: mvua imenyesha, na kani ya kuzuia sasa ni nyutoni 2,500. Motokaa ya pili itahitaji mita ngapi tangu breki zikanyagwe? Mkipata 80, mmelielewa somo. Waelezeni na wenzenu wanaoendesha. Kwaherini, mpaka somo lijalo.