Nyaya za Wakulima: Habari za Simu za Mashambani Marekani

Serikali ya Marekani ilipoyahesabu mashamba yake mwaka wa 1920, ilidhihirika kwamba katika kila mashamba 100, karibu 39 yalikuwa na simu, kadiri ambayo haikupitwa na ile ya nyumba za nchi nzima, mijini na mashambani pamoja. Jambo hili lastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa sehemu kubwa ya simu hizo haikuletwa na shirika kubwa wala na dola, bali na wakulima wenyewe.

Alexander Graham Bell alipopewa hataza ya simu tarehe 7 Machi 1876, yaani haki ya kuumiliki peke yake uvumbuzi ule kwa muda uliowekwa na sheria, kampuni iliyoishika haki hiyo ilielekea mijini, ambako waya mfupi uliweza kuwaunganisha wafanyabiashara wengi. Ama mkulima wa Iowa au Kansas, aliyekaa mbali na jirani yake na mbali zaidi na soko, yeye hakutiwa hesabuni, maana gharama ya nguzo za kumfikia ingalizidi ijara yoyote ambayo angaliweza kulipa. Hali ikawa hiyo hata 1893 na 1894, hataza mbili za Bell zilipokwisha muda wake, na kila mwenye kutaka akapata ruhusa ya kuanzisha simu.

Zikazuka kampuni ndogo katika kila jimbo, na kando yake vikazuka vyama vya wakulima, ambavyo kwa rai yangu ndivyo vyenye fadhila kubwa zaidi katika habari hizi. Majirani waliafikiana, kila mmoja akatoa fedha kidogo na kazi ya mikono yake, akakata nguzo, akachimba mashimo, akavuta waya hata mpaka wa shamba la mwenziwe. Kisha wakaagiza visanduku vya simu, vyenye betri ndani na mkono wa kuzungusha ubavuni. Katika nchi za malisho, ambako miti ni adimu, hata nguzo hazikuhitajiwa sana, kwani seng'enge iliyokwisha kuzungushwa mashamba ili kuzuia ng'ombe ilitiwa kazi ya pili ya kuchukua sauti. Penye lango waya ulipandishwa juu, na shingo za chupa zikatumiwa kuutenga na mbao, ili umeme usipotelee ardhini, khususan siku za mvua. Kufikia 1907, karibu nusu ya simu zote za Marekani zilikuwa nje ya milki ya kampuni ya Bell.

Waya mmoja ulihudumia nyumba nyingi, na kila nyumba ilijulikana kwa mlio wake, mrefu na mfupi kwa mpango maalumu. Lakini mlio ulisikika kwa wote, na aliyetaka alinyanyua kisikilizio akasikiliza maneno yasiyomhusu, na kadiri wasikilizaji walivyozidi ndivyo sauti ilivyodhoofika. Wengi walilaani desturi hiyo, wala si bila sababu. Hata hivyo, waya ule ule uliofichua siri ndio uliopeleka kwa nyumba zote, kwa mlio mmoja mrefu, habari ya moto, ya mtoto aliyepotea, au ya dhoruba inayokuja. Opereta wa kijiji, aghalabu mwanamke aliyekaa na ubao wa simu nyumbani mwake, alijua daktari yuko kwa nani usiku ule. Mmoja wao, Sarah Rooke wa Folsom, New Mexico, mafuriko yalipoushukia mji Agosti 1908, aliendelea kuwapigia watu simu wakimbie, hata maji yakamchukua yeye mwenyewe. Na maopereta wenzake wakachanga fedha wakamjengea mnara.

Bell nao hawakukaa kimya. Walizinunua kampuni nyingine, na nyingine wakazinyima njia zao za masafa marefu, hata ikawa katika miji kadhaa mwenye duka sharti awe na simu mbili ili awafikie wateja wote. Serikali ilipoanza kuwahoji kwa sheria ya kuzuia ukiritimba, walitoa ahadi, Desemba 1913, ya kuziunganisha kampuni huru na njia zao na kuacha kuwanunua washindani wao bila ya idhini.

Lakini lililovidhoofisha vyama vya mashambani zaidi lilikuwa ndani yao. Ada ilipangwa ndogo mno, bighairi akiba ya kubadilisha nguzo zilizooza. Waya mmoja wa chuma, uliotumia ardhi kama njia ya kurudia, ukajaa mvumo nyaya za umeme zilipopita jirani. Na bei za mazao zikaanguka. Kufikia 1940, mashamba yenye simu yalikuwa 25 tu katika kila 100.

Ndipo Rais Truman alipotia sahihi, tarehe 28 Oktoba 1949, sheria ya kuiruhusu idara ya umeme wa mashambani, iliyoundwa mwaka wa 1935, ikopeshe fedha za simu pia, kwa riba ya asilimia mbili na kwa muda wa miaka mingi. Kampuni na vyama vya ushirika vilikopa sawasawa, nguzo mpya zikasimama, na nyumba zilizokuwa zikigawana waya mmoja polepole zikapata kila moja wake. Vyama vingi miongoni mwa hivyo vingali hai. Vimekwisha kulaza nyuzi za kioo za intaneti katika njia zile zile, na kila mwanachama, shamba lake liwe dogo au kubwa, ana kura moja ya kuchagua halmashauri.