NFS: Seva Inayosahau kwa Makusudi

Je, wajua kwamba seva ya Unix inaweza kuzimika ghafla, ikakaa kimya nusu saa, ikawashwa tena, na kompyuta zilizokuwa zikisoma faili zake zikaendelea pale pale zilipoishia kana kwamba hapakutokea kitu? Huo ndio ustadi wa NFS, mfumo unaoziwezesha kompyuta nyingi kutumia saraka moja kupitia mtandao. Ajabu ni kwamba nguvu hiyo yote imetokana na usahaulifu.

NFS ilianza kubuniwa mwaka 1984 katika kampuni ya Sun Microsystems, California, na mwaka uliofuata Russel Sandberg na wenzake wakaieleza hadharani. Siku hizo diski zilikuwa ghali. Sun ilikuwa ikiuza hata kompyuta zisizo na diski kabisa, ambazo zilivuta kila kitu kutoka kwa seva, hadi mfumo endeshi wenyewe. Seva ikianguka, ofisi nzima inasimama. Kwa hiyo wabunifu waliamua seva isiweke kumbukumbu ya nani amefungua faili gani. Kila ombi la mteja lijitosheleze: nataka faili hii, kuanzia baiti hii, kiasi hiki. Jibu lisiporudi, mteja arudie ombi lile lile hadi ajibiwe, maana kusoma baiti zile zile mara mbili hakuharibu kitu. Seva ikiamka haina cha kukumbuka, hivyo hakuna ilichopoteza. Naona huu ni uamuzi mmoja wa busara sana katika historia ya kompyuta.

Lakini uvumilivu huo wa mteja ndio unaowatoa jasho wasimamizi wa mifumo. Seva ikipotea, amri ndogo kama df inaganda. Ukitazama orodha ya ps unaiona programu ikiwa na herufi D, maana yake inasubiri na haitaki kusumbuliwa. Kabla ya toleo la 2.6.25 la kerneli ya Linux, la mwaka 2008, hata kill -9 mara nyingi haikufua dafu. Hapo wengi hushawishika kupachika saraka kwa chaguo la soft, ili mteja akate tamaa baada ya kurudia ombi mara chache. Kwa saraka ya kusoma tu, si neno. Kwa saraka inayoandikwa, ni hatari: programu nyingi hazichunguzi kama uandishi umefaulu, na data hupotea bila kelele. Afadhali programu iliyoganda kuliko faili lililoharibika pasipo mtu kujua.

Saraka ikikataa kupachikwa, anza chini uende juu. Je, seva inafikika? Kisha rpcinfo -p itakuonyesha huduma zilizojiandikisha kwenye seva, ikiuliza kupitia mlango wa 111. NFS yenyewe hukaa mlango wa 2049. Katika toleo la tatu, huduma ya mountd, inayoidhinisha upachikaji, aghalabu hupewa mlango mpya kila inapowashwa. Ndiyo sababu mfumo uliofanya kazi jana hugoma leo baada ya seva kuwashwa upya, kwa kuwa ukuta-moto bado unaruhusu mlango wa zamani. Mpe mountd mlango maalumu, au hamia toleo la nne, linalotosheka na 2049 peke yake.

Kisha fungua /etc/exports kwenye seva na uitazame nafasi kati ya maneno. Kwenye Linux, ukiandika jina la mteja likafuatwa mara moja na (rw), umempa mteja huyo ruhusa ya kuandika. Ukiacha nafasi moja kabla ya mabano, ruhusa hiyo umeipa dunia nzima, na mteja wako amebaki na masharti ya kawaida, yaani kusoma tu. Ukisharekebisha, endesha exportfs -ra.

Saraka imepachikwa, lakini mtumiaji anakatazwa kuandika? Angalia namba. Kwa kawaida toleo la tatu halimtambui mtu kwa jina, bali kwa namba yake. Neema akiwa 1001 kwenye mashine moja na 1005 kwenye nyingine, kwa seva hao ni watu wawili. Naye root, mwenye namba 0, hugeuzwa kuwa nobody, mtu asiye na mamlaka, ili mkubwa wa mashine moja asijifanye mkubwa wa zote.

Kosa linalowatisha wengi ni ESTALE. Seva humpa mteja kitambulisho cha kila faili, ambacho kwa kawaida hubeba namba ya faili kwenye diski pamoja na namba ya kizazi chake. Faili likifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na lingine, kizazi hubadilika, na kitambulisho cha zamani hukataliwa. Hapo seva inakulinda usije ukaandika ndani ya faili la mtu mwingine. Ikiwa ni saraka nzima iliyokumbwa, ibandue kwa umount, kisha uipachike upya.

Toleo la nne, lililochapishwa mara ya kwanza mwaka 2000, liliuacha usahaulifu: seva sasa hukumbuka faili zilizofunguliwa na kufuli zilizowekwa. Kwa hiyo ikiwashwa upya huwapa wateja muda wa kudai tena vilivyokuwa vyao, kwa kawaida sekunde 90 kwenye Linux, na ndani ya muda huo maombi mapya ya kufungua faili husubiri. Ukiona kimya cha dakika moja na nusu baada ya seva kuamka, usiizime tena, maana muda huo utaanza kuhesabiwa upya.