Pakeji za Python: Baineri au Msimbo Chanzo?

Ukiwa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na laptopu ya mtumba, kila megabaiti inatoka mfukoni mwako. Kabla hujaandika pip install, jua unachonunua.

Pakeji huja kwa namna mbili. Faili la .whl ni baineri: limeshapikwa, wewe unapakua tu. Faili la .tar.gz ni msimbo chanzo, na mara nyingi kuni ni juu yako.

Ukubwa wenyewe si hoja kila mara. NumPy ya sasa, chukua hii au ile, ni kama MB 20 au pungufu. Gharama ya msimbo chanzo inajificha kwingine. Unahitaji kompaila: kwenye Ubuntu ni makumi ya megabaiti, kwenye Windows zana zake hufika GB kadhaa. Halafu muda. Pakeji kubwa kwenye RAM ya GB 4 huchukua saa na saa, na umeme ukikatika katikati, bando na jasho vimekwenda pamoja.

Kwa hiyo baineri. Lakini nayo ina mitego, hasa hii: PyTorch kwenye Linux, ukiiagiza bila kuangalia, inakuja na maktaba za kadi ya NVIDIA. Zaidi ya GB 2, kwa kadi usiyokuwa nayo! Agiza toleo la CPU pekee. Ni kama MB 200.

TensorFlow nayo, tangu toleo la 1.6 la mwaka 2018, baineri zake zinadai prosesa yenye maagizo ya AVX. Ukinunua laptopu kuukuu Lilongwe, iwashe dukani, na kama ni Linux andika lscpu utafute neno avx kabla hujatoa pesa.

Laptopu yenye biti 32? NumPy iliacha kutoa baineri za biti 32 za Linux kuanzia 1.22, na pip itakushushia msimbo chanzo bila kukuuliza. Tumia python3-numpy ya Debian 12. Ya zamani kidogo, ila inafanya kazi.

Wapo wanaosema msimbo chanzo ni salama zaidi kwa kuwa unasomeka. Nani anausoma? Tena ukiusakinisha unaweza kuendesha hati za mwenye pakeji papo hapo; .whl hufunguliwa na kunakiliwa tu.

Nafuu kubwa ni mmoja kupakua Lilongwe kwa niaba ya wote. Lilongwe ni kilomita 40 na ushee, na tangu agizo la serikali la 2023 la wakimbizi kurudi kambini si kila mtu anaweza kwenda. Anayekwenda apewe flashi na amri hii:

pip download --only-binary=:all: -d pakeji pandas

Akirudi, kila mmoja anasakinisha bila intaneti:

pip install --no-index --find-links=pakeji pandas

Ila kabla hajarudi, asome majina ya mafaili. cp312 ni Python 3.12, win_amd64 ni Windows ya biti 64. Mashine yako ikiwa na 3.11, faili la cp312 halitakubali, na safari imekula nauli bure.