Bwawa Linalovuja: Pima Kwanza, Ndipo Uchimbe

Baadhi ya nyumba za wakulima na walimu zina bwawa dogo la samaki nyuma ya jiko, karibu na bustani. Kazi hii si ngeni katika nchi yetu. Mwaka 1949 majaribio ya kufuga perege mabwawani yalianzishwa Korogwe na Malya, na tangu hapo watu wengi wameifuata. Bwawa jema huwapa watoto kitoweo, na maji yake yenye rutuba hunywesha mboga. Walakini adui wake hapigi kelele. Twasema haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba vilevile humaliza bwawa.

Maji yapunguapo, watu hukimbilia vitu viwili: jembe na lawama. Vyote viwili vyaweza kuleta hasara, kama ionekanavyo katika habari ya nyumba moja ya huku kwetu. Bwawa lao lilikuwa na urefu wa meta 15 na upana wa meta 10. Katika juma moja maji yalishuka kadiri ya shibiri. Baba akamwita mwanawe, akamwambia, "Wewe ndiwe ufunguaye bomba usiku, ukawanyweshee rafiki zako mahindi yao." Kijana akajibu, "La, baba, sikuligusa." Hakusadikiwa. Baba akashika jembe apate kubomoa ukingo wote. Ndipo mama akasema kwa upole, "Baba watoto, tupime kwanza."

Wakaziba mfereji wa kuingizia maji, wakalifunga bomba la kutolea maji kwa kamba mbele ya watu wote wa nyumbani. Kisha wakatwaa ndoo, wakaijaza maji ya bwawa, wakaitia jiwe zito ndani, wakaisimamisha bwawani hata maji ya ndani na ya nje yakawa karibu kwa usawa. Wakatia alama mbili: moja ndani ya ndoo, moja katika kijiti kilichosimamishwa bwawani. Wakangoja siku moja kamili.

Maana yake ni hii. Jua na upepo hupunguza maji ya ndoo na ya bwawa sawasawa, na mvua ikinyesha huongeza pote pawili sawasawa. Lakini ndoo haina tundu. Basi yale yapunguayo bwawani zaidi ya yale ya ndoo ndiyo yaliyovuja. Siku ile ndoo ilishuka milimeta 6, na bwawa milimeta 30. Ukiondoa 6 katika 30, zabaki 24. Kwa bwawa la ukubwa ule, hizo ni lita 3,600, yaani ndoo 180 za lita 20, kila siku! Na bomba lilikuwa limefungwa. Kijana hakuwa na hatia.

Sasa ikabaki kutafuta mahali penyewe. Mama alikuwa ameona ya kuwa chini ya ukingo wa mashariki magimbi yalistawi wakati wa kiangazi, hali majani mengine yamekauka. Wakaacha maji yashuke kila siku, wakitazama kijiti. Maji yakifika usawa wa tundu, huacha kushuka kwa upesi. Hubaki fungu la jua tu. Yalipotulia, wakauzunguka ukingo kwa usawa ule ule, wakaona upande wa mashariki tundu la kaa lililopenya hata nje. Baba akamwomba mwanawe radhi mbele ya nduguze, kisha wakaenda pamoja kuchimba.

Wewe nawe, ukiona hivi, tafuta matundu ya kaa na panya, mizizi iliyooza, mahali palipokuwa kichuguu cha mchwa, na hasa udongo unaolizunguka bomba, kwa maana maji hupenda kufuata ubavu wa bomba. Kama bwawa ni jipya, usiogope upesi: ardhi kavu hunywa maji mengi majuma ya kwanza, kisha hutulia.

Kuziba ni hivi. Maji yawe chini ya tundu. Kama yamebaki machache mno, hamisha samaki kwanza. Usijaze tundu kwa mdomo wake tu, kwa kuwa maji yatarudi kuifuata njia ile ile. Chimba ukingo mahali pale hata ufikie udongo mzima usio na ufa. Kisha tafuta udongo wa mfinyanzi. Uutie maji kidogo, ufinyange tonge, ulirushe juu na kulidaka, likivunjika, udongo una mchanga mno, likishikamana, wafaa. Rudisha udongo huo tabaka kwa tabaka, kila moja isipite sentimeta 15, uushindilie sana kwa gogo zito kabla ya kuongeza jingine. Usichanganye majani wala vijiti, kwa maana vikioza huacha njia mpya.

Bwawa la saruji lina desturi yake. Panua ufa kwa tindo, uloweshe, uuzibe kwa saruji fungu moja na mchanga mafungu matatu, uuweke na unyevu siku saba. Kisha jaza maji na kuyamwaga mara kadhaa kabla ya kurudisha samaki, kwa kuwa ukali wa saruji mbichi huwadhuru.

Mwisho, usipande migomba wala miti juu ya ukingo. Majani mafupi yatosha kuushika udongo. Acha kijiti chenye alama kisimame bwawani siku zote, na mtoto mmoja akisome kila asubuhi na kuandika. Hivyo, siku maji yapunguapo, mtaulizana kwa hesabu wala si kwa hasira.