Usukani wa boti ukikaza, usishindane nao kwa nguvu

WAHENGA walinena kuwa chombo cha kuzama hakina usukani. Walisema hayo enzi za majahazi na mitepe, lakini maneno yao yangali na uzito katika zama hizi za boti za faiba na mashine za petroli.

Kusi inaposhadidi, kati ya Mei na Agosti, wenye boti ndogo wengi katika Pwani ya Kenya, kuanzia Lamu hadi Vanga, huviegesha vyombo vyao. Bahari inapotulia, boti hurudishwa majini. Hapo ndipo nahodha hushika usukani akaupata mgumu, kana kwamba umepigiliwa misumari.

Wengi hukosea papo hapo. Huuzungusha kwa nguvu hadi ukaachia, wakadhani umepona, kumbe maradhi yamefichika tu. Siku utakapokwama kabisa, huenda boti ikawa mlangoni mwa bahari kule Shela, abiria wamejaa na mawimbi yanakuja. Boti isiyogeuka haiwezi kulielekezea wimbi omo, na wimbi la ubavuni ndilo lipinduao chombo.

Ili kuitambua kasoro, sharti kwanza tufahamu jinsi usukani unavyofanya kazi. Boti nyingi ndogo hutumia waya mnene uliomo ndani ya ganda la plastiki. Gurudumu likizungushwa, meno yaliyo nyuma yake huusukuma au kuuvuta waya huo. Kule tezi, waya huishia kwenye ufito wa chuma unaopita ndani ya bomba, ambalo pia ndilo mhimili wa kuinulia na kuinamishia mashine. Mkono mfupi wa chuma huuunganisha ufito na mashine, hivyo ufito ukitoka au ukiingia, mashine hugeuka.

Maji ya chumvi hupenya ndani ya bomba hilo na kuacha chumvi yanapokauka. Grisi kuukuu nayo hugandamana, kutu ikajijenga, na hatimaye ufito na bomba vikashikana.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha mashine imezimwa, ufunguo umetolewa na boti imetulia. Kisha utenganishe ule mkono mfupi na mashine, uishike mashine kwa mikono miwili na kuigeuza kushoto na kulia. Ikigeuka kwa wepesi, lawama ni ya ufito, waya au gurudumu. Ikikataa, basi ugonjwa u katika mhimili ambao mashine yenyewe huzungukia.

Tiba ya mhimili huo ni grisi ya baharini, isiyochukuliwa na maji. Tumia pampu kuipenyeza kupitia vichuchu vya grisi, huku mwenzako akiigeuza mashine huku na huko, hadi grisi ya zamani itoke yote na mpya ionekane. Kichuchu kilichoziba kibadilishwe. Wanaoendesha kwa kushika kana, bila gurudumu, nao waanzie hapa. Aidha waangalie kama parafujo ya kurekebishia ugumu imekazwa kupita kiasi.

Iwapo ufito ndio ulionasa, fungua nati kubwa inayoushikilia waya kwenye bomba. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili, uyaache yafanye kazi usiku kucha. Asubuhi, weka kipande cha mti kwenye ncha ya ufito na ugonge taratibu. Usigonge chuma kwa chuma, kwani ncha ikifura haitapita tena bombani. Wapo mafundi wanaokimbilia moto ili bomba litanuke, lakini moto na mivuke ya petroli havikai pamoja.

Ufito ukishatoka, sugua ndani ya bomba kwa brashi ya mviringo, ufute uchafu wote, kisha upake grisi mpya. Ufito uliopinda au kuliwa na kutu haufai kurudishwa.

Kuna tahadhari moja ambayo wengi hawaijui. Ikiwa bomba lina kichuchu cha grisi, ufito urudishwe ndani kabisa kabla ya kupiga pampu. Ukiachwa nje, grisi hujaa katika nafasi yake na kuuzuia kurudi, na usukani ukakwama safarini.

Baada ya ufito kutoka, zungusha gurudumu. Likiwa bado gumu, kasoro imo katika waya au katika meno ya gurudumu. Waya ambao ganda lake limepasuka umekwisha kunywa maji, na mafuta hayatauponya. Nunua mwingine wa urefu ule ule, na uupitishe bila kuukunja kona kali.

Boti kubwa zinazotumia usukani wa mafuta zina kasoro zake. Upepo ukiingia katika mipira, gurudumu huzunguka bila mashine kuitikia ipasavyo. Zibwe panapovuja, yaongezwe mafuta ya aina aliyoitaja mtengenezaji, na upepo utolewe.

Wakati wa kuunganisha upya, nati zenye plastiki ndani zisitumiwe mara ya pili, wala mahali pake pasitiwe nati za kawaida. Mtikisiko wa mashine huzilegeza, na nati moja ikidondoka, chombo hubaki bila usukani.

Kinga ya haya yote ni rahisi. Suuza mashine kwa maji matamu kila baada ya safari, pamoja na ncha za bomba. Unapoegesha, uache ufito ukiwa ndani ili usipigwe na chumvi. Hata boti ikiwa ufukoni kwa miezi, zungusha usukani mwisho hadi mwisho kila wiki. Grisi nayo itiwe kabla ya kusi na baada yake.

Mamlaka ya KMA ina wajibu wa kukagua vyombo, lakini mkaguzi haamki na nahodha kila alfajiri. Mkono unaoshika usukani ndio wa kwanza kuhisi ugumu, na mwenye mkono huo asipojali, abiria hawana namna ya kujua.