Kivuko: Majini na Barabarani

Kwa watu wa Songo Songo, kisiwa cha Wilaya ya Kilwa, kuvuka ni kupanda chombo kwenda bara. Na kivuko ni chombo hicho, au mahali pa kuvukia maji. Mijini neno hili limehamia barabarani, kwa maana ya mahali palipochorwa mistari myeupe ili waendao kwa miguu wapite. Wengine hupaita pundamilia. Jina hilo lataja rangi tu. Kivuko chataja kazi, yaani kumfikisha mtu ng'ambo salama. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 humtaka dereva ampishe aliye kivukoni. Kwa hiyo twapendekeza nyaraka na vitabu vitumie "kivuko cha waenda kwa miguu". Na palipoinuliwa kupunguza mwendo wa magari, "kivuko cha tuta".